Kuchagua spika ndogo kwa chumba cha vigae na kuta tupu: mwongozo kamili kwa nyumba za Mombasa

Nyumba zetu za Mombasa zimejengwa kushindana na joto, na karibu kila kinacholeta ubaridi ndani huleta mvumo nao. Sakafu ni vigae, juu ni simiti, kuta zimepigwa plasta na rangi ya mafuta, na kwenye fleti nyingi za Nyali na Kizingo upande mzima ni kioo. Samani huwa chache ili hewa ipite. Sauti ikishatoka kwenye spika haina pa kufia: inagonga ukuta, inarudi, inagonga vigae, inapanda juu, inashuka tena.

Sebuleni tatizo hili hufichwa na makochi, mazulia na watu. Linajitokeza pale mtu anapotaka mtambo wa pili wa muziki chumbani, mahali pa kazi, au chumba cha juu anapokaa peke yake jioni. Ananunua spika aliyosifiwa na kila mtu, anaiweka juu ya kabati, inamchoma masikio. Anairudisha dukani, anaongeza pesa, anachukua ya ghali zaidi, nayo inamchoma vile vile. Tatizo haliko kwenye bei. Katika chumba kigumu, kinachofika sikioni ni kile spika inachokupigia usoni pamoja na kile inachotupa ubavuni, juu na chini, ambacho kuta zinakirudisha kikiwa karibu kizima. Kwa hivyo spika ya chumba kama hiki huchaguliwa kwa ubavu wake kwanza, husikilizwa kwa karibu, na sehemu ya pesa huwekwa kando kwa vitu laini kabla hata ya kwenda dukani.

Hatua ya 1: Kisikilize chumba chenyewe

Zima feni, funga madirisha na mlango, simama katikati, upige kofi moja kali. Chumba chenye afya hulimaliza kofi pale pale. Chumba kigumu hukupa moja ya mambo mawili, na aghalabu yote mawili. La kwanza ni mvumo, yaani kofi linabaki hewani likififia polepole. La pili ni mtetemo wa haraka, trrrr ya kichumachuma, inayotokea pale kuta mbili tupu zinapotazamana na sauti ikawa inakimbizana baina yake. Tembea ukiendelea kupiga kofi. Utaona ile trrrr ina mahali pake: ipo hapa, hatua mbili mbele haipo. Weka alama ya chaki sakafuni. Hapo si pa kuweka kiti wala spika.

Sasa fungua madirisha yote na urudie. Tofauti ni kubwa, na chanzo chake kilipimwa zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia wa Harvard, Marekani, alipewa kazi ya kuurekebisha ukumbi wa mihadhara uliokuwa ukivuma kiasi cha maneno kutosikika. Usiku alikuwa akihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine na kuileta humo, kisha akipima kwa filimbi ya kinanda na saa mvumo unachukua muda gani kuisha. Kigezo chake cha kulinganisha kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti inayotoka nje kupitia dirishani hairudi. Mita moja ya mraba ya dirisha wazi ni mita moja nzima ya kumeza sauti.

Kanuni aliyotuachia ni nyepesi na inafaa kuifanya kwa kalamu. Chukua ujazo wa chumba kwa mita, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa eneo linalomeza sauti. Jibu ni sekunde ambazo sauti huchukua kushuka kwa desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti).

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 3, kimo mita 3. Ujazo ni mita 36 za ujazo. Ukijumlisha sakafu, juu na kuta zote unapata mita 66 za mraba. Plasta na vigae humeza takriban asilimia 3 tu ya sauti za kati, kwa hivyo mita 66 zote zinakupa mita 2 za kumeza. Jibu: karibu sekunde 2.9. Huo ni mvumo wa ukumbi mkubwa ndani ya chumba cha kulala. Fungua madirisha mawili yenye jumla ya mita 2.4 za mraba na mvumo unashuka hadi sekunde 1.3, bila kutumia hata shilingi.

Mahali pazuri pa kusikilizia muziki ni kati ya sekunde 0.4 na 0.6. Kwa chumba chetu cha mfano ni lazima tufikishe mita 10 hadi 12 za kumeza. Andika namba hiyo ya chumba chako, itakuongoza katika hatua inayofuata.

Neno moja kwa wanaotumia AC. Hesabu yako ifanye madirisha yakiwa yamefungwa, kwa sababu ndivyo utakavyosikiliza. Na hata anayetegemea upepo, msimu wa mvua atafunga.

Hatua ya 2: Leta vitu laini kabla ya spika

Hapa ndipo ningetumia sehemu ya kwanza ya bajeti, na habari njema ni kwamba vitu vingi tayari vipo nyumbani. Kitanda cha watu wawili chenye godoro nene na mito kinakupa kama mita 2.5. Zulia zito la mita 2 kwa 3, kama mita 2. Pazia nzito yenye mikunjo mingi, mita 5 za mraba za kitambaa, kama mita 2.5. Kiti kimoja cha sponji mita 1, kabati la nguo lililoachwa wazi mita 1.5, na wewe mwenyewe nusu mita. Ongeza zile mita 2 za kuta na umefika 12. Mvumo umeshuka hadi takriban nusu sekunde.

Pazia ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa, mradi iwe nzito na iwe na mikunjo. Ukienda Biashara Street kununua kitambaa, nunua upana mara mbili ya dirisha ili kikunjike, na kiache nafasi ya sentimita 10 baina yake na kioo. Pazia nyembamba ya kuzuia mbu na jua haisaidii chochote. Leso iliyotandikwa ukutani moja kwa moja pia haisaidii, wala mkeka mwembamba. Trei za mayai zisahau kabisa. Zinasambaza sauti nyembamba kidogo na kuziacha nyingine zote zipite.

Zinazofaa kweli ni fremu nene. Tengenezesha kwa seremala fremu za mbao za sentimita 60 kwa 120, kina sentimita 10, zijaze kitu chenye nyuzi nyingi, zifunike leso. Kitu cha kujazia ni pamba ya mawe inayouzwa kwa wajenzi, au nyuzi za makumbi ya nazi, au sufi ile ile ya magodoro ya zamani. Nyuzi hizi zote humeza sauti vizuri zikiwa nene. Sufi hushika moto haraka, basi fremu ya sufi iwe mbali na soketi na chetezo. Fremu nne zinakupa karibu mita 3 za mraba, na leso ikichaguliwa vizuri ni pambo la ukuta. Mahali pa kuzitundika tutapapata katika hatua ya 6.

Wenye nyumba za Mji wa Kale wana bahati yao. Juu kuna boriti zilizopangwa na matumbawe baina yake, si bapa la simiti, na huenda kuna ukuta wa zidaka. Maumbo hayo huivunja sauti na kuitawanya badala ya kuirudisha kama kioo. Ukuta wa zidaka uwe nyuma ya mgongo wako unaposikiliza. Wala usiiweke spika ndani ya kidaka, hata kikiwa kimelingana nayo vizuri: mdomo ule wa mawe huongeza besi na kuitia sauti utata.

Hatua ya 3: Amua utakaa wapi

Chumbani kuna umbali ambao ukiuvuka, sauti inayorudi kutoka ukutani inakuwa na nguvu kuliko inayotoka kwenye spika. Katika chumba chetu cha mfano kikiwa kitupu, umbali huo ni kama nusu mita tu, hata kwa spika inayoelekeza sauti mbele. Kikishalainishwa unasogea hadi mita moja na zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba mtambo wa pili usipangwe kama wa sebuleni. Kaa mita 1 hadi 1.5 kutoka kila spika, na spika zenyewe ziachane kiasi hicho hicho, mpate pembetatu yenye pande sawa.

Watangazaji walilijua hili zamani. Miaka ya 1970 BBC ya London ilihitaji spika ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje, mahali pembamba pasipo na nafasi. Wakatengeneza LS3/5A, kisanduku cha kama sentimita 30 kwa 19 kwa 16, kilichozibwa pande zote, kiwe wazi kwenye sauti ya binadamu kabla ya jambo lingine lolote. Haikuwa na besi nzito wala nguvu nyingi. Mpaka leo watu wanaitafuta, na ukisikia mwimbaji wa taarabu na udi wake ndani yake kwa umbali wa mita moja utaelewa sababu.

Kama unachotaka ni muziki wa kujaza chumba ukiwa unapiga pasi au unatembea, pembetatu haina haja. Lakini hatua ya 4 bado inakuhusu, tena zaidi.

Hatua ya 4: Spika yenyewe

Spika ndogo nyingi zina wufa moja ya besi na sauti za kati, na twita moja ya sauti nyembamba. Shida ya chumba kigumu huanzia pale hizi mbili zinapopokezana kazi.

Wufa hutawanya sauti pande zote ikiwa mawimbi ni marefu kuliko upana wake. Mawimbi yakifupika, sauti inaanza kubanwa kwenda mbele tu. Kwenye 2000 Hz, yaani mitetemo 2000 kwa sekunde, urefu wa wimbi ni kama sentimita 17. Kwa hivyo wufa ya inchi 6.5, yenye upana wa kama sentimita 16, ikifika hapo tayari imeshabana. Kisha twita ya sentimita 2.5 inapokea kazi, na kwa udogo wake inafungua tena kwa upana wote. Mbele ya spika hutagundua kitu, kwa sababu fundi aliyeitengeneza amesawazisha mbele. Ubavuni kuna shimo karibu na 2000 Hz, na baada yake mafuriko ya 3000 hadi 4000 Hz, pale pale sikio la binadamu linapohisi zaidi. Sebule yenye makochi hulimeza jambo hili. Ukuta wa plasta unayarudisha yale mafuriko usoni pako, na ndiyo ile sauti inayochoma, herufi ya "s" inayokata, fidla inayogeuka kuwa msumari.

Dawa ni tatu.

Ya kwanza ni wufa ndogo. Ya inchi 4 au 5 hubana kwa kuchelewa, na makabidhiano na twita huwa laini zaidi. Kwa chumba cha chini ya mita 15 za mraba sioni sababu ya kuvuka inchi 5.

Ya pili ni twita iliyowekwa ndani ya bakuli, yaani uso wa spika umechongwa kuizunguka twita kama sahani yenye kina. Bakuli hilo huibana twita kiasi cha kulingana na wufa pale wanapopokezana. JBL 305P ni mfano unaojulikana, na Genelec wa Ufini wamejenga jina lao juu ya wazo hilo. Hii ndiyo dawa ninayoipenda zaidi kwa chumba ambacho hakiwezi kulainishwa sana, labda kwa kuwa ni cha kupanga na mwenye nyumba hataki misumari.

Ya tatu ni kuiweka twita katikati ya wufa yenyewe. KEF wa Uingereza walianza kuuza muundo wao wa namna hii, Uni-Q, mwaka wa 1988, na LS50 yao ya 2012 ndiyo iliyowafanya wengi wautambue. Faida yake hapa kwetu ni ya juu na chini. Spika ya kawaida, twita ikiwa juu na wufa chini, hutoa sauti isiyolingana kuelekea vigae na kuelekea dari, na kwetu vyote viwili vinarudisha. Twita ikiwa katikati, upande wa juu, wa chini na wa pembeni vinafanana.

Unajuaje haya kabla ya kununua? Kuna kipimo kinachoitwa CTA-2034, kilichotokana na utafiti wa miaka mingi ambao jina la Floyd Toole wa Kanada ndilo linalotajwa zaidi. Spika hupimwa mara 70 kwa kuizunguka, kila nyuzi 10, kwa ulalo na kwa wima. Matokeo huchorwa kwa mistari kadhaa. Tazama miwili: wa mbele, na ule wa jumla ya sauti yote inayotoka pande zote. Wa mbele uwe karibu bapa. Wa jumla ushuke taratibu kuelekea kulia, bila kibonde wala kilima kati ya 1000 na 5000 Hz. Ukiona kilima hapo, iache spika hiyo hata ikiwa imepunguzwa bei. Vipimo vya spika nyingi maarufu vinapatikana bure mtandaoni, na nusu saa ya kuvitazama ina faida kuliko wiki ya kusoma sifa.

Jihadhari pia na spika zilizoongezwa sauti nyembamba makusudi ili zing'ae dukani. Kwenye vigae kung'aa huko kunakuwa adhabu.

Kuhusu besi, udogo ni faida. Kuta za simiti hazipindi, kwa hivyo haziivujishi besi kama kuta za mbao nyepesi zinavyofanya. Inabaki ndani na kujirundika kwenye zile Hz zinazolingana na vipimo vya chumba. Gawanya 174 kwa urefu wa ukuta kwa mita na utapata pa kwanza pa kujirundika: mita 3 inakupa 58 Hz, mita 4 kama 43 Hz, mita 5 kama 35 Hz. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 3 ndicho kibaya kuliko vyote, kwa maana pande zote tatu zinagongana kwenye 58 Hz na besi inakuwa noti moja inayojirudia. Humo tafuta sanduku lililozibwa, au lenye tundu ambalo linaweza kuzibwa kwa sponji. Sanduku la kuzibwa hupunguza besi polepole kadiri inavyoshuka, na chumba kinajaza kilichopungua.

Kisanduku kimoja cha Bluetooth nacho kina mahali pake, jikoni na barazani. Kwa kukaa na kusikiliza, hakitoshi.

Hatua ya 5: Amplifaya, stima na dukani

Wati zisikutie wasiwasi. Spika yenye kiwango cha desibeli 85 hutoa desibeli 85 kwa wati moja ukiwa mita moja, na hiyo tayari ni sauti ya kumfanya jirani agonge ukuta. Wati 10 zinakupa 95. Amplifaya ndogo ya wati 30 za kweli kwa kila upande inatosha na kubaki. Maandishi ya PMPO kwenye maboksi, yale maelfu ya wati ya kuvutia mnunuzi, yapuuze.

Amplifaya ikiwa ndani ya spika unaokoa nafasi na nyaya, lakini kila spika itataka soketi yake, na ikiharibika unakwama na spika nzima. Ukitenganisha, fundi yeyote wa mtaani anaweza kukubadilishia amplifaya. Mahali ambapo stima hukatika na kurudi kwa kishindo, hilo lina uzito. Vyovyote utakavyochagua, tumia kinga ya umeme kwenye soketi, na stima ikikatika zima swichi mpaka itulie. Waya wa kawaida wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unatosha kwa masafa ya chumba kimoja, usiuziwe kamba ya dhahabu.

Dukani kuna mtego. Duka limejaa maboksi, mazulia na watu, kwa hivyo sauti inamezwa. Spika itakayochoma nyumbani huko inasikika tamu. Tena muuzaji atakuwekea wimbo wa besi na kuifungua hadi mwisho.

"Kaka, hii ni wati 5000, chumba kizima kitatetemeka."

"Sawa ndugu yangu, lakini naomba uipunguze, uniwekee mtu anayezungumza."

Sauti ya mtangazaji wa redio inatosha. Sikiliza ukiwa mbele, kisha tembea polepole kuelekea ubavuni huku ukisikiliza. Sauti inapaswa ififie kidogo kidogo, ibaki ya mtu yule yule. Ikibadilika ghafla, ikawa ya puani au ya kopo, hiyo ndiyo kasoro niliyoieleza. Simama, kisha keti, uone kama inabadilika kwa kimo. Kipimo cha pili ni ule mlio wa kelele sawa ambao programu nyingi za simu zinao, unaosikika kama mvua juu ya mabati: ucheze na uzunguke spika, mabadiliko yatajitokeza wazi kuliko kwenye muziki. Cha tatu, toka nje ya mlango. Ukiwa nje unasikia kile tu kinachorudi kutoka kuta, na spika nzuri husikika kama mtu yuko ndani kweli.

Mwisho peleka muziki unaoujua vizuri. Mimi ningepeleka taarabu ya zamani yenye tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vibonyezo, kwa sababu tashkota ina makali ya asili na spika yenye kilima kwenye 3000 Hz huigeuza kuwa mateso mara moja. Omba urudishiwe pesa ndani ya siku chache kama chumbani haikufaa, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye risiti.

Spika za mkono wa pili zinazoingia kutoka Uingereza ni fursa nzuri sana, na umeme wake unalingana na wetu wa volti 240 hata kichwa cha plagi. Zile za Japani hutumia volti 100 na za Marekani 120. Zikiwa na amplifaya ndani hazifai bila transfoma. Lakini umri na bahari vina madhara yake. Bonyeza kwa kidole, taratibu, ule ukingo laini unaoizunguka wufa. Ukiwa wa sponji na ukabomoka kama keki kavu, tayari umeoza. Tafuta ukingo wa mpira. Geuza spika utazame chini na kwenye kona za nyuma: ubao wa kubandika uliokunywa unyevu hufura hapo kwanza. Tazama vishikio vya waya kama vina kutu au ukijani. Kwa nyumba inayopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja, wufa ya plastiki huvumilia unyevu kuliko ya karatasi, na sanduku la alumini, kama ya Genelec, huvumilia kuliko mbao. Popote ulipo, zisikae dirishani.

Hatua ya 6: Kuziweka

Twita ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, kama sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni. Ukiziweka mezani, zisogeze hadi ukingo wa mbele na uziinamishe kidogo zikutazame, kwa sababu meza nayo inarudisha sauti.

Umbali na ukuta wa nyuma una kanuni yake. Sauti ya besi huzunguka nyuma, inagonga ukuta na kurudi kuipinga ile ya mbele. Uso wa spika ukiwa sentimita 60 kutoka ukutani, utapoteza sauti karibu na 145 Hz, mahali pa joto la sauti ya mwanamume. Ukiisogeza karibu kabisa na ukuta, uso ukiwa sentimita 30, shimo linapanda hadi kama 290 Hz, ambako fremu nene iliyotundikwa nyuma ya spika inaweza kulipunguza. Kwa vyumba vyetu vidogo hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza: karibu na ukuta, fremu nyuma, na besi ikizidi ziba tundu.

Katika vyumba vyembamba vya nyumba kongwe, ambavyo upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, weka spika kwenye ukuta mfupi zikitazama urefu wa chumba. Kisha zigeuze ndani kuliko kawaida, mielekeo yake ikutane mbele ya kichwa chako badala ya nyuma. Kwa njia hiyo kinachogonga kuta za pembeni ni ule ubavu uliofifia.

Fremu zako sasa zipatie mahali. Keti kitini. Mtu mwingine, hata mtoto, apitishe kioo ukutani polepole, upande wa kushoto kisha wa kulia. Pale unapoiona twita ndani ya kioo ndipo sauti inaporukia. Tundika fremu hapo, moja kila upande. Ya tatu na ya nne ziende nyuma ya spika. Zulia lije mbele ya spika, baina yao na wewe, hata kama itabidi liondoke chini ya kitanda.

Hatua ya 7: Besi, baada ya siku chache

Acha masikio yazoee kwanza. Kisha, kama besi inavuma, sogeza kiti kabla ya kusogeza spika. Katikati kabisa ya chumba na mgongo ukutani ndipo pabaya zaidi, na sentimita 30 huleta tofauti inayosikika. Fungua mlango pia, kwa kuwa besi hutoka mlangoni kuliko mahali pengine popote.

Likibaki vuma moja lisiloondoka, hapo programu ya kusawazisha sauti ina kazi. Room EQ Wizard ni ya bure na hukuonyesha noti gani imezidi ukiwa na maikrofoni ya kupimia. Ipunguze noti hiyo peke yake. Tumia usawazishaji chini ya 300 Hz tu. Juu ya hapo unachosikia ni spika pamoja na mvumo, na mvumo haupunguzwi na programu.

Sabwufa, yaani spika ya besi peke yake, isubiri. Katika chumba cha simiti cha mita 3 kwa 4, spika ya inchi 5 iliyo karibu na ukuta hufika chini ya kutosha kwa taarabu, bango, kasida na rumba. Ukiihitaji baada ya miezi kadhaa, chukua ndogo, ikate kwenye 80 Hz ili ipige chini ya hapo tu, na kuipata mahali pake fanya hivi: iweke pale unapokaa, cheza muziki wenye besi, kisha tambaa pembezoni mwa chumba ukisikiliza. Pale besi inaposikika sawa bila kuvuma ndipo iwekwe.